Pipa Lisiachwe Wazi



Katika nchi ya Italia, kusini mwa mji wa Siena, upo mji mdogo juu ya kilima uitwao Montalcino. Huko hutengenezwa divai nyekundu yenye sifa kubwa, Brunello, itokanayo na zabibu za aina moja tu, Sangiovese. Ukoo wa Biondi-Santi ndio ulioipatia jina. Chupa chache za divai yao ya mwaka 1888 zilitunzwa, baba akimwachia mwana, kwa zaidi ya miaka mia.

Sheria ya divai hiyo ni kali. Haiuzwi kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno, na sharti ikae miaka 2 au zaidi katika mapipa ya mti wa mwaloni. Lakini tusidhani kwamba mwenye divai hulala muda huo wote. Pipa hupumua, na divai hupungua kidogo kidogo. Nafasi ile ikiachwa, hewa huiharibu divai hata ikawa siki. Kwa hiyo mtunzaji huingia ghalani mara kwa mara, akalijaza pipa tena. Hakuna amwonaye wala amsifuye.

Wazazi Wakristu, twawaambia ninyi. Wako kati yetu wakatao tamaa upesi: kijana akikosa mara mbili tatu, baba humwambia, "Toka nyumbani kwangu!" Wako na wengine wasemao, "Mwacheni, akikua ataacha." Wote wamekosa. Yule amelifungua pipa kabla ya wakati, huyu amelisahau. Miaka peke yake haiifanyi divai kuwa njema, wala haimfanyi mtoto kuwa mtu.

Basi, pipa hujazwaje? Kwa sala ya jioni isaliwayo pamoja, kwa onyo lenye upole, na kwa mfano mwema. Baba arudiye usiku amelewa atamwonya nani?

Kule Kana ya Galilaya divai iliyo njema ilikuja mwisho, wakati ile ya kwanza ilipokwisha. Nawe mama, ambaye mwanao hajarudi kanisani, usiufunge mlango. Kilichopungua leo, kijaze leo. Huenda hutaionja divai hiyo wewe. Wataionja wajukuu wako, naye Mungu aliyekukabidhi pipa hatausahau utunzaji wako.