Nyumba ni Yangu Peke Yangu?



Jumamosi moja mwenzetu alitukuta hapa Lidcombe, karibu na stesheni, ameshika bahasha. Anauza nyumba yake ya Tanga na mnunuzi ametaka kiapo. Karatasi ilikuwa na maneno mawili makubwa: kwamba yeye ndiye mmiliki, na kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye madai juu ya nyumba hiyo. La kwanza halikumsumbua, kwani hati ina jina lake. La pili ndilo lililomfanya atuulize: je, nikiapa hivi, nitakuwa nimesema uongo?

Yeye alituma fedha. Lakini dada yake ndiye aliyewasimamia mafundi, akalala penye saruji ili mifuko isiibwe, na miaka yote amelipa kodi ya majengo. Jina lake halimo popote.

Sisi wa New South Wales tumezoea kutia sahihi haraka. Tamko la kisheria hulipeleka kwa mlinzi wa amani, naye hatozi kitu. Anahakikisha kwamba wewe ndiye wewe na kwamba umetamka. Ukweli wa maneno hauchunguzi. Karatasi za kutumika nyumbani huenda zikataka muhuri mzito zaidi, lakini hata huko mzigo wa ukweli hubaki kwa anayeapa.

Wapo miongoni mwetu waliosema: mali bila daftari hupotea bila habari, dada angejiandikisha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mfumo wa Torrens, ulioanza Australia Kusini mwaka 1858, ulitegemea daftari ili mnunuzi asihangaike kufukua mambo ya zamani. Daftari hilo hilo humlinda mjane mwenye hati dhidi ya mashemeji. Kila mwenye kumbukumbu akiruhusiwa kuzuia, hakuna nyumba itakayouzwa.

Hata hivyo, daftari halijui kila jasho. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, Mahakama Kuu ya Australia ilitambua haki za ardhi za wenyeji zilizokuwapo kabla ya Waingereza kufika.

Dada si mke, wala hatusemi kwamba mahakama ingempa sehemu. Wakili atatuambia kuwa "madai" hapa ni yale ya kisheria tu. Sawa. Lakini mtu huapa kwa maneno jinsi anavyoyaelewa yeye, na mwenzetu alielewa vizuri nani anamdai. Hati husema nani anaweza kuuza. Haisemi nani anadaiwa.

Kwa hiyo tulimpa kipimo kimoja: msomee dada maneno hayo kwenye simu. Ukiweza kuyasoma bila sauti kukwama, tia sahihi.

Alipiga usiku ule. Hakuweza kumaliza kusoma. Baada ya siku kadhaa walikubaliana fungu la dada, wakaliandika mbele ya mashahidi, naye akatamka kwamba hana dai jingine. Mwenzetu atabaki na fedha pungufu kuliko alivyotarajia, na hilo lilimuuma, hakutuficha.

Kisha akaapa. Karatasi ilikuwa ile ile, na maneno yale yale. Safari hii yalikuwa kweli.