Uso wa Mchezo na Uso wa Uwongo

Siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, katika nchi nyingi zenye Wakatoliki, watu hujipaka rangi nyuso zao, huvaa mataji ya manyoya na ya karatasi, kisha huingia njiani kwa ngoma na vifijo. Sikukuu hiyo huitwa kanivali, na wengi husema kwamba jina lake latokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuiondoa nyama, kwa kuwa baada yake huanza mfungo wa Kwaresima. Husherehekewa Brazil na Ureno. Husherehekewa pia Goa, walikotoka wazee wa familia kadhaa za Wakatoliki wa Zanzibar. Katika parokia zetu nyingi haikushika mizizi. Hata hivyo swali inalolileta latuhusu sisi sote: mtu ajigeuzaye mwingine kwa rangi na taji, je, anacheza, au anasema uwongo?

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wageni peke yao. Watu wa pwani yetu wana desturi ya kuvunja jungu: siku za mwisho za Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, jamaa na marafiki hukusanyika, hupika, hula na kufurahi, kisha huuingia mfungo. Dini ni mbalimbali, lakini moyo wa mwanadamu mbele ya mfungo ni mmoja. Wala ujuzi wa kuupamba mwili haukutoka mbali. Katika visiwa vya Unguja na Pemba bibi harusi husuguliwa singo, huchorwa hina mikononi na miguuni, hutiwa wanja, hupambwa kwa asumini. Nayo ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, iliwavika watu wa kawaida kofia na mikanda ya maofisa, ikawapa na vyeo vikubwa; vyama vya Marini na Arinoti vikashindana mji kwa mji. Hata leo beni hupigwa arusini Unguja, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limepata kuwa na maandamano yake ya mapambo na ngoma katika njia za mji.

Tuseme, basi, kijana wa Vitongoji, kijiji kilicho mashariki ya mji wa Chake Chake katika kisiwa cha Pemba, ataka kushiriki katika maandamano ya namna hiyo. Hana fedha za kununua taji la dukani. Atafanyaje? Atakipima kichwa chake kwa ukili wa miyaa, na kuushona uwe duara. Juu yake atasimamisha chelewa za mnazi kama miali ya jua, azifunge kwa uzi zisiyumbe, abandike karatasi za rangi kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, achomeke manyoya ya jogoo. Atajaribu kutembea nalo uani, kwa maana taji refu likielemea upande mmoja, shingo ndiyo hulipa. Usoni atatia liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi, manjano ya jikoni, na weusi wa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Akiisha kujipamba, mama yake atamtazama kwa muda kabla ya kumtambua. Hapo ndipo lilipo swali letu, na swali hilo ni moja, kijana awe Mwislamu au Mkristo.

Wako watu wema wasemao hivi: uso ni kazi ya Mungu, na kuufunika ni kuikosoa kazi yake. Tena, mtu mwenye uso mmoja huaminika; mwenye nyuso mbili huogopwa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Kweli ni fadhila kubwa, na jumuiya isiyoweza kuuamini uso wa jirani haiwezi kuuza wala kununua, kuoa wala kuolewa.

Lakini yatupasa kuuliza uwongo ni nini. Uwongo si kila jambo lisilo sawa na hali ilivyo. Mtunga hadithi asemaye kwamba sungura alimjibu simba hakumdanganya mtoto hata mmoja, maana mtoto ajua kwamba ni hadithi. Uwongo ni kumtia mwenzako katika kosa huku ukikusudia akosee. Sasa, ni nani adanganywaye na taji la chelewa? Watazamaji wote walio kando ya njia wajua kwamba jua lile lipitalo ni mtoto wa fulani, na furaha yao yatokana na kujua huko. Kati ya achezaye na atazamaye kuna mapatano, ijapokuwa hayakuandikwa. Palipo na mapatano hayo pana mchezo. Yakiondolewa, rangi ile ile hugeuka kuwa silaha: mwizi naye hujifunika uso, lakini hakupatana na mwenye nyumba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuona haya kulijadili jambo hili katika kitabu chake kikubwa cha teolojia. Alifundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili uchokavyo, na pumziko lake ni furaha. Akakumbusha kisa cha kale cha Mtume Yohane aliyemwonyesha mtu mmoja kwamba upinde ukivutwa bila kulegezwa huvunjika. Hata kazi ya waigizaji aliikubali kuwa halali ikifanywa kwa kiasi. Zaidi ya hayo, alisema kwamba mtu asiyecheka kamwe, tena azuiaye furaha ya wenzake, naye ana kosa, kwa kuwa huwalemea wengine. Juu ya kujipaka rangi alikuwa mkali zaidi. Hata hivyo alitofautisha kujifanyia uzuri usio wako na kuficha dosari iliyoletwa na ugonjwa au sababu nyingine.

Na tuitazame Injili yenyewe isomwayo Jumatano ya Majivu. Bwana Yesu awakemea watu wanaozigeuza nyuso zao. Ni nani hao? Si wachezaji ngoma. Ni watu wa dini, waukunjao uso ili waonekane kuwa wamefunga. Neno la Kigiriki analowaitia, tulilolizoea kwa maana ya mnafiki, kwa asili lilikuwa jina la mwigizaji wa mchezo. Mwigizaji wa kweli ashuka jukwaani akarudi kuwa mtu; mnafiki hashuki kamwe. Dawa waliyopewa wafuasi ni nyepesi ajabu: wajipake mafuta kichwani, wanawe uso. Kwa hiyo lawama kubwa ya Injili juu ya uso wa bandia haikuangukia kanivali, bali ilituangukia sisi tuendao kanisani. Mwajiri anayesali kwa sauti kubwa naye hajawalipa vibarua wake, mume mpole barazani aliye mkali nyumbani, kiongozi mwenye tabasamu siku za kura tu: hao wamevaa vinyago visivyo na manyoya wala rangi, na hakuna mtazamaji aliyepatana nao.

Je, basi, kila kitendacho kanivali ni chema? Hasha. Tomaso huyo huyo aliweka mipaka mitatu, nayo yatosha hata leo.

Wa kwanza: mchezo usiwe na uchafu wala madhara. Mchezo ufanyikao kwa kuigiza kilema cha jirani, au kulifanyia mzaha kabila la watu au rangi ya ngozi yao, humdhuru asiyeweza kujibu. Kinyago humpa mwoga ujasiri. Ni kizuri akiutumia kumwambia mkubwa jambo la kweli, ni kibaya akiutumia kumtukana mdogo. Kipimo ni hiki: ningeweza kulisema neno hili nikiwa nimenawa uso? Madhara mengine ni ya mwili. Hina safi hutoa rangi ya wekundu wa kahawia; ile nyeusi iitwayo piko ni dawa ya nywele, nayo imewaunguza wengi ngozi, hata ikawaachia makovu. Chokaa huunguza macho. Wazazi na waangalie.

Wa pili: mtu asiupoteze uzani wa roho. Mchezaji mwema aweza kuacha. Hapa twaona tofauti ya rangi inawikayo na ile isiyonawika. Kijana wetu atayaondoa masizi kwa maji na sabuni, naye atabaki alivyoumbwa. Lakini dada ajipakaye kila siku krimu ya kujichubua, ambayo mara nyingi ina zebaki iletayo madhara katika figo, hachezi. Anaomboleza uso aliopewa. Asihukumiwe kwa haraka, maana mara nyingi ni sisi tuliomwambia kwamba weusi ni aibu. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyemfundisha kujichukia.

Wa tatu: mchezo ulingane na mtu, mahali na wakati. Livutialo katika maandamano ya mjini laweza kuwaudhi wazee wa kijiji. Pemba ni kisiwa cha Waislamu kwa wingi mkubwa sana, na mgeni mwenye adabu hapigi ngoma yake mlangoni pa msikiti wala hatembei nusu uchi kijijini kwa kisingizio cha sanaa. Kuheshimu mahali hakuipunguzii furaha chochote.

Basi, wazazi, mwanao akikuomba karatasi, gundi na manyoya, usikimbilie kumkataza. Keti naye, umshikie chelewa akifunga uzi. Taji lililotengenezwa nyumbani humfundisha subira, kipimo na kazi ya mikono, na humfundisha jambo lililo kubwa kuliko hayo: kwamba aweza kuwa mwingine kwa saa moja, kisha akarudi kuwa yeye mwenyewe bila huzuni. Mtoto aliyejifunza kuvua taji mapema hatasumbuka sana atakapopewa cheo na kutakiwa kukiacha.

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima rangi hunawiwa. Kesho yake kuhani hutia alama nyingine, ya majivu, na kutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi. Aliyenawa uso wake huipokea mahali pake. Aliye na kinyago asichotaka kukivua, majivu yale yataangukia juu ya kinyago, na yeye aliye chini yake hatayasikia.