Mwisho wa Dunia Huanza Mwaka Gani?

"Wale wamezoea." Kauli hiyo ilitolewa Dar es Salaam, katika kikao cha kupima miswada, kuhusu riwaya ambayo mwalimu mmoja wa sekondari wa Newala amekuwa akiiandika usiku baada ya kusahihisha madaftari. Riwaya yenyewe inausimulia uwanda wa Makonde wa mwaka 2090. Mvua imepoteza kalenda yake, pampu za bondeni zimeshikwa na kampuni moja, na maji hupandishwa juu kwa zamu na kuuzwa kwa alama ya kidole. Mhariri aliyeisoma, mtu wa heshima na msomaji makini, aliisifu lugha kisha akaurudisha muswada. Msomaji hatashtuka, alisema, kwa sababu watu wa Newala hawajawahi kuwa na maji ya kutosha, na mtu haangamizwi na jambo alilolizoea. Akashauri hadithi ihamishiwe Dar es Salaam, ikiwezekana Masaki, ambako mabomba yakikauka patakuwa na habari ya kusimulia.

Distopia ni nini, wasomaji wanajua: jamii ya kubuni iliyoharibika kiasi cha kutisha, ili jamii ya kweli ijione ndani yake. Bunilizi ya kisayansi nayo inajulikana. Hakuna sababu ya kupoteza wino hapo. Kinachodai kujadiliwa ni ile hoja ya mazoea, kwa kuwa haikuanzia kwa mhariri huyo wala haitaishia kwake. Imekwisha kusemwa juu ya njaa, juu ya mafuriko, juu ya wakimbizi. Kila inaposemwa, msemaji ni mtu ambaye hakutakiwa kuzoea chochote.

Zipo hoja nyingine zilizotolewa siku hiyo, na zilikuwa za haki. Kwamba riwaya si ripoti ya idara ya maji, na wahusika wanapaswa kuwa watu na si takwimu, ni kweli. Kwamba msomaji anahitaji mlango wa matumaini mahali fulani, huenda ni kweli pia.

Turudi kwenye mazoea. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda, mita mia kadhaa juu ya bonde la Ruvuma. Mvua hunyesha vizuri tu kati ya Desemba na Aprili, lakini udongo wa juu ni mchanga. Maji huzama moja kwa moja na kwenda kutokea kwenye chemchemi zilizo chini ya mteremko. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Ujerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliliandika jambo hilo kwa mshangao. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Maji la Makonde ili maji yasukumwe kwa pampu hadi juu na kuuzwa. Baada ya uhuru maji ya vijijini yakatangazwa kuwa huduma ya bure. Sera ya maji ya mwaka 1991 ikawataka wananchi wachangie tena. Mwaka 2022 Makonde iliingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500. Bure, kwa bei, bure, kwa bei: huo si mkondo wa watu waliotulia na hali yao. Ni historia ya madai yasiyokoma, na kila serikali iliyopita ililazimika kuyajibu kwa namna yake.

Angalia pia nyumba zenyewe. Kwenye uwanda huu, mwenye uwezo akishaezeka bati, jambo linalofuata ni kuchimba kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, kukisakafia kwa saruji na kukielekezea mifereji ya paa. Pesa yake hutoka kwenye korosho, tena baada ya ada za watoto. Je, mtu aliyejinyima msimu baada ya msimu ili achimbe shimo la saruji amezoea ukame? Ameukataa kwa mikono yake miwili. Na Masasi, kule chini upande wa magharibi penye milima ya mawe, mradi wa Mbwinji ulipoanza kuleta maji mjini na Nachingwea katika muongo wa 2010, hakutokea mtu wa kuililia ndoo yake ya zamani. Mazoea ambayo huisha siku ile ile bomba linapofunguliwa hayakuwa mazoea. Yalikuwa subira, na subira ina hesabu yake moyoni.

Lakini ubaya mkubwa wa hoja hiyo umo katika mantiki yake. Tuseme mhariri ana haki: anayezoea haangamii. Basi hakuna jamii yoyote itakayoangamia popote, kwa sababu kila anayebaki hai huzoea. Riwaya zote za distopia zingefutika. Katika "1984" ya George Orwell, iliyochapishwa mwaka 1949, majirani wa Winston Smith wamezoea sura ya Kaka Mkubwa ukutani na uongo wa kila siku kwenye skrini. Katika "Pumzi", filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, watu wanaishi chini ya ardhi baada ya vita vya maji; hupimiwa maji kwa mgawo, husafisha mkojo na jasho lao ili wayanywe tena, na kuzalisha umeme kwa miguu yao kwenye mashine za mazoezi. Hawalalamiki. Wamezoea, na hicho ndicho kinachomtisha mtazamaji. Octavia Butler wa Marekani alichapisha mwaka 1993 riwaya inayoanza mwaka 2024, California, ambako maji ni ghali kuliko petroli na familia zimejipanga kuishi hivyo. Hakuna aliyemwambia Butler kwamba wahusika wake wamezoea mno kuweza kutisha. Mazoea ndiyo kiini cha aina hii ya fasihi. Kwa nini basi California yahesabiwe kuwa distopia na Newala iitwe hali ya kawaida?

Jibu halipendezi. Kinachoitwa maangamizi hupimwa kwa umbali kati ya mtu na starehe aliyoizoea, si kwa umbali kati yake na mahitaji yake. Aliye juu akianguka hatua moja, hiyo ni riwaya. Aliye chini akisukumwa hatua tano, hiyo ni ripoti ya mradi. Kyle Whyte, mwanafalsafa wa Marekani kutoka watu wa Potawatomi, amelisema jambo la jirani na hili: kwa watu wake, dunia ya leo ndiyo ile ambayo mababu zao wangeiita maangamizi, kwa hiyo hadithi zinazouweka mwisho wa dunia kesho zinawaruka waliokwisha kuupitia.

Amartya Sen, mchumi na mwanafalsafa wa India, alikwisha kuonya tangu miaka ya 1980 kwamba mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hupunguza matamanio yake yalingane na anachoweza kupata, na kwamba utulivu wake usichukuliwe kuwa ushahidi wa kuridhika. Onyo hilo linamvunja mhariri. Hata hivyo lina makali upande wa pili. Likishikwa na mtu asiye mwangalifu, linageuka kusema kwamba watu wa Newala hawayajui mahitaji yao wenyewe mpaka wasomi waje kuwafumbua macho. Mwalimu anayeandika riwaya hii ameishi humo, hahitaji kufumbuliwa; lakini wahusika wake ni watu wa kubuni, na yeye ndiye anayewaamulia wanajua kiasi gani. Hapo kuna mtego ambao hoja nzuri pekee haiutegui.

Na kuna jambo la zamani zaidi linalotatiza kila kitu kilichosemwa hapa. Weule alichapisha mwaka 1908 ngano ya asili ya Wamakonde aliyoipata kupitia kwa mmisionari. Kiumbe mmoja aliishi porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga mfano wa mtu kutoka kwenye mti, akausimamisha karibu na makao yake, na usiku ule ukawa mwanamke hai. Wakateremka Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakavuka uwanda hadi bonde la Mbemkuru, mtoto wa pili akazaliwa mfu. Waliporudi juu kwenye kichaka, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo wosia ukawa ni kukaa juu, mbali na mito.

Ngano hii inastahili kusomwa polepole. Watu wengi husimulia asili yao penye maji mengi, bustanini au kando ya ziwa. Hawa wanasema: maji yalitunyima watoto, ukavu ukatupa. Wanaofuatilia historia wanaona humo kumbukumbu ya magonjwa ya bondeni, na ya karne ya 19 pia, wakati vichaka vya uwandani visivyopitika vilipokuwa ngome dhidi ya wavamizi na wateka watumwa. Pale Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliwaweka watu waliokombolewa kutoka utumwani mwaka 1876, kijiji kilishambuliwa na wavamizi walioitwa Wamagwangwara mwaka 1882. Nchi ya chini ilikuwa na maji na haikuwa na usalama. Kwa hiyo ukavu wa uwanda uliwahi kuwa uamuzi, bei iliyolipwa kwa macho wazi ili watoto waishi.

Inafurahisha pia kwamba ngano inaanza na mchongaji. Binadamu wa pili ni kazi ya sanaa. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, Mmakonde, alianza kuchonga mpingo kwa mtindo ambao sasa unaitwa shetani: viungo vilivyopinda, jicho moja, mdomo unaomeza tumbo. Ulikuwa ubunifu mpya kabisa. Wanunuzi wa kigeni waliupokea kwa shauku na wengi wakaudhania kuwa mila ya kale. Kumbe Mmakonde aliruhusiwa kubuni yasiyokuwepo, alimradi abuni kwa mbao. Akibuni kwa sentensi, akaweka tarehe ya mbele na pampu yenye kufuli, anaambiwa anaeleza hali halisi.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakina ukoo wa hadithi za namna hii. Shaaban Robert alichapisha "Kusadikika" mwaka 1951, nchi ya angani inayomshitaki mtu kwa kutaka kufundisha sheria. Katama Mkangi, katika "Walenisi" ya mwaka 1995, alimpakia mhusika wake kwenye chombo cha angani kama adhabu ya dola. Euphrase Kezilahabi katika "Nagona" na "Mzingile" aliuvunja ulimwengu wenyewe. Ila katika vitabu hivi kinachooza zaidi ni utawala na fikra. Udongo bado unasubiri mwandishi wake.

Na udongo wa uwanda una kisa. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya pamoja mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeingia. Dawa iliyouokoa mkorosho ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine alfajiri kuanzia Juni. Mavuno yalirudi, yakapita tani 300,000 msimu wa 2017/18. Lakini katika miaka ya 1990 utafiti wa Amos Majule na wenzake ulionyesha kwamba salfa inayoanguka chini huongeza tindikali katika udongo huo wa kichanga. Unga unaolipa ada za shule unaubadilisha udongo utakaowalisha wajukuu.

Hapa hamna mwovu wa kunyooshewa kidole. Mkulima ana haki, mtafiti ana haki, na ruzuku ya pembejeo ni jambo jema. Linganisha na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na hapo Nachingwea, ukafa mwaka 1951 baada ya kula kama pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuufuata iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ule ulikuwa na majina, wizara, na matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Kuuandikia riwaya ni rahisi. Salfa inadai ustadi mwingine, kwa sababu kila ukurasa unapaswa kumpenda mtu ambaye anaharibu na hana njia nyingine.

Mwalimu ameiondoa kampuni ya pampu kwenye sura ya kwanza. Mwovu yule, anasema, alikuwa amewekwa ili kuwaridhisha wasomaji wa mbali. Sasa riwaya inaanza na alfajiri ya Juni na mashine ya kupulizia, bila kutaja mwaka. Wenzake wanabishana naye kuhusu hilo. Mmoja anataka mwaka 2090 ubaki mlangoni kabisa, kwa kuwa bila mwaka wa mbele serikali na kampuni zitasema hayo yamepita. Mwingine, ambaye bibi yake aliteka maji bondeni, hataki mwaka wowote uandikwe. Lipo pia swali la wahusika kuhama. Rasimu ya zamani iliwashusha wote Ruvuma mwishoni, na mwalimu hajui kama anaweza kuuacha mwisho huo, maana ngano ya asili ilikwisha kusema nini kiliwapata watoto kule chini.

Muswada haujahamishiwa Masaki.