Unyenyekevu wa Kukwepa Hesabu

Tarehe 26 Februari 2015, Seneta James Inhofe wa jimbo la Oklahoma aliingia katika ukumbi wa Seneti ya Marekani na donge la theluji ndani ya mfuko wa plastiki. Alilitoa, akawaambia wenzake kwamba nje kuna baridi kali, kisha akalirusha. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Watu walicheka, na kioja kile ndicho kinachokumbukwa mpaka leo, ingawa hoja yake nzito zaidi alikuwa ameitoa miaka mitatu kabla, kwenye redio ya Kikristo, alipokuwa akikinadi kitabu chake kilichoita ongezeko la joto duniani ulaghai mkuu. Alishika Mwanzo 8:22, pale Mungu anapoahidi baada ya gharika kwamba majira hayatakatika maadamu dunia ipo. Kwa Inhofe, mtu anayedhani binadamu anaweza kubadili mipango ya Mungu angani amejaa kiburi.

Ni rahisi kumaliza shauri hapo hapo kwa kusema alinunuliwa. Oklahoma inaishi kwa mafuta na gesi, na kampuni za nishati zilimchangia kwenye kampeni zake. Tunajua pia kwamba wanasayansi wa kampuni ya Exxon, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, walikadiria jinsi joto litakavyopanda, na makadirio yao yamekaribiana sana na yaliyotokea, huku kampuni yenyewe ikitumia miaka mingi iliyofuata kuwatia watu shaka kuhusu sayansi hiyo hiyo. Basi fedha inaeleza nani aliipanda shaka. Haielezi kwa nini shaka hiyo imeota vizuri namna hii kwa watu wasiolipwa hata senti, wengi wao wacha Mungu na wakweli katika mambo yao yote. Nadhani inawavutia kwa sababu inawapa vitu viwili kwa mpigo ambavyo kwa kawaida havipatikani pamoja: inawaondolea wajibu, na inawaacha wakijiona wanyenyekevu.

Huku Afrika Mashariki kauli ile ile husemwa kwa upole zaidi. Aprili 2024, Rufiji ilipofurika na vijiji vikabaki ndani ya maji, na usiku wa kuamkia tarehe 29 maji yalipozoa nyumba na watu wake kule Mai Mahiu, Kenya, tulisikia kila mahali kwamba ni kazi ya Mungu. Anayemwambia mfiwa maneno hayo anafanya jema. Anampa pa kuegemea, na hakuna mwenye akili atakayemjibu kwa takwimu za mvua. Lakini maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwa mtu anayepaswa kueleza nani aliruhusu watu wajenge bondeni, au kwa nini tahadhari ilichelewa, hayafariji tena. Yanamkinga msemaji. Na kinga hiyo inapata nguvu kwa kuwa kuipinga kunaonekana kama kumpinga Mungu.

Hebu tuipime kauli hiyo kwa mizani ya dini yenyewe, bila kukimbilia maabara. Ahadi humfunga anayeahidi. Mungu akiahidi kwamba hataiangamiza dunia tena kwa gharika, amejifunga Yeye. Hakuahidi kumzuia mwanadamu asijiharibie. Kama udogo wetu ungekuwa kinga ya viumbe, Bahari ya Aral ingekuwa nzima hadi leo. Ilikuwa miongoni mwa maziwa manne makubwa kuliko yote duniani, mpaka wapangaji wa Kisovieti walipoanza miaka ya 1960 kuyaelekeza maji ya mito yake kwenye mashamba ya pamba. Sehemu kubwa ya kile kilichokuwa ziwa sasa ni jangwa la chumvi, na meli zimelala mchangani. Hakuna malaika aliyewazuia. Kadhalika mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika linatoboka kwa sababu ya kemikali za friji na makopo ya kupulizia. Miaka miwili baadaye mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal, kemikali hizo zikaanza kuondolewa, na tabaka hilo sasa linapona polepole. Binadamu aliharibu angani, na binadamu huyo huyo akarekebisha. Kwa Mwislamu jambo hili si geni hata kidogo, maana aya ya 41 ya Sura Ar-Rum inauhusisha ufisadi wa bara na baharini na yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Atakuja mwingine aniambie kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani, kabla ya magari na viwanda. Ni kweli, na waliogundua hilo ni wanasayansi hao hao wasioaminiwa. Lakini msitu kuwahi kuungua kwa radi hakumfanyi anayewasha kiberiti leo kuwa hana hatia; kinachotakiwa ni kuchunguza moto huu umetoka wapi. Uchunguzi umefanyika. Mwaka 1958 vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilikuta chembe takribani 315 za hewa ukaa katika kila milioni za hewa. Leo zimepita 420. Mimea hai ina kiasi kidogo cha kaboni 14, ambayo hutoweka polepole kwa maelfu ya miaka, ilhali makaa ya mawe na mafuta, kwa kuwa vimezikwa mamilioni ya miaka, havina hata chembe yake. Kadiri tulivyochoma makaa na mafuta, sehemu ya kaboni 14 angani ilipungua, kama ilivyotarajiwa. Jua nalo limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na halikuongeza makali.

Sisemi kila mwenye shaka ni mkwepaji. Barafu ya Kilimanjaro ilipoteza takribani asilimia 85 ya eneo lake kati ya 1912 na 2007, na wengi tuliifanya bango la ongezeko la joto. Watafiti Georg Kaser na Philip Mote walitoa angalizo mwaka 2007 kwamba pale kileleni ukavu na miale ya jua huenda vina mchango mkubwa kuliko joto la hewa. Hawakukana kwamba dunia inapata joto; walitaka kila ushahidi usimame mahali pake. Shaka ya namna hiyo hufuata jambo mpaka mwisho, nayo hugharimu kazi. Ile nyingine huanza na jibu linalompendeza mwenyewe na kuishia hapo hapo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la kwetu: kwamba haya yote ni njama ya wazungu kutuzuia tusiendelee. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, na viongozi wa Uganda wakaliita ukoloni mamboleo. Mwaka huo huo Ujerumani ilikuwa ikirudisha mitambo ya makaa ya mawe kazini. Unafiki upo, na hasira ni ya haki. Ila unafiki wa anayesema haubatilishi anachokisema. Afrika nzima inatoa takribani asilimia 4 tu ya gesi joto za dunia, na ni kwa hoja hiyo kwamba nchi maskini ziliupata mfuko wa hasara na madhara kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Novemba 2022. Anayesimama mimbarini au jukwaani Dar es Salaam na kusema kwamba ongezeko la joto ni uzushi, anamfutia tajiri deni kwa niaba yetu, wala hajatuuliza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maimamu, mapadri na wachungaji. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si', na Agosti ya mwaka huo wanazuoni wa Kiislamu wakatoa tamko lao la tabianchi mjini Istanbul. Yasomeni yote mawili, kisha yafundisheni Ijumaa na Jumapili, kabla ya masika mengine.