Deni la Siku za Katikati

Mwajua jinsi nyimbo za Misa zinavyotayarishwa. Waimbaji hukusanyika siku moja au mbili katika juma, kisha kila mtu hurudi kwake. Okestra ya nyuzi huenda vivyo hivyo. Wapiga violoni, viola, selo na besi kubwa hukutana kwa mazoezi ya pamoja, wakiisha huagana. Basi leo tuulizane swali hili: zile siku za katikati, mpigaji akiwa peke yake nyumbani, wala mwalimu hamwoni, ana deni gani kwa wenzake? Na deni hilo hulipwaje?

Nianze kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika seminari kubwa nilipewa violoni, nikawekwa katika kundi la violoni za pili. Tulikuwa wanne, sote tukipiga sauti moja. Katika wimbo mmoja palikuwa na mahali pagumu, vidole vikitakiwa kwenda upesi toka uzi hadi uzi. Juma zima sikupagusa mahali pale. Siku ya mazoezi, tulipopafikia, niliupitisha upinde juu ya nyuzi bila kuukandamiza. Mkono ulikwenda, sauti haikutoka. Padri aliyetufundisha aliutazama mkono wangu, akaridhika. Nikaendelea hivyo majuma mengi.

Siku ya sikukuu wenzetu wawili walishikwa na homa, tukabaki wawili. Tulipofika mahali pale, mimi nilinyamaza, na mwenzangu alipojikuta peke yake alishtuka, akapotea naye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Padri hakunigombeza. Aliniuliza tu: “Ndugu, tangu lini ulijua kwamba pale hupawezi?” Nilikosa la kujibu. Kwa mdomo sikuwa nimedanganya mtu. Nilikuwa nimedanganya kwa mkono.

Hilo ni jaribu la wapiga nyuzi hasa. Mpiga tarumbeta akikosa, watu wote humsikia. Lakini mpiga violoni hukaa katikati ya wenzake wanaopiga sauti ile ile, naye husema moyoni: “Mimi ni mmoja tu, kosa langu litamezwa.” Kumbe jirani yake naye asema hivyo hivyo! Wote wakisema hivyo, nani atapiga?

Tena tupime haki ya wakati. Watu 20 wamekuja mazoezini. Wengine wametoka kazini, wengine wamewaacha watoto nyumbani. Mmoja hakujifunza sehemu yake, wote wakasimama dakika 3 kumngojea. Dakika 3 mara watu 20 ni saa nzima. Saa ile si yake. Ameitwaa kwa wengine. Mazoezi ya pamoja si mahali pa kujifunza sehemu yako. Ni mahali pa kusikia sehemu za wenzako na kuziunganisha na yako. Asiyejua yake hawezi kusikia za wengine, maana masikio yake yamefungwa na hofu.

Lakini je, yatosha kupiga tu nyumbani kila siku? Hapana. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alifundisha kwamba fadhila huzaliwa kwa matendo ya kurudiwa-rudiwa, akatoa mfano wa wapiga kinubi: kwa kupiga kinubi hutokea wapigaji wema, na kwa kupiga kinubi hutokea wapigaji wabaya pia. Neno hili ni zito. Vidole havina dhamiri. Ukivifundisha kosa mara kumi, vitalishika kosa kwa uaminifu.

Wengi wetu nyumbani huanza mwanzo wa wimbo, kwa sababu mwanzo twaujua nao ni mtamu. Twafika mahali pagumu, twajikwaa, twarudi mwanzo. Huko ni kujifurahisha, si kujizoeza. Afadhali ushike kalamu ya risasi mazoezini, utie alama pale ulipojikwaa, na nyumbani uanzie pale pale. Kwanza sawazisha nyuzi zako nne: sol, re, la, mi. Imba sauti kwa kinywa, maana violoni haina vizuizi shingoni kama gitaa. Sikio ndilo humwonyesha kidole mahali pake. Kisha piga polepole sana, hata usikosee. Mwenda pole hajikwai. Mkono wa upinde ukichanganyikiwa, uzoeze peke yake juu ya nyuzi tupu, halafu urudishe vidole. Mwisho unganisha kipande kile na kilichotangulia na kinachofuata, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Nusu saa ya kila siku yapita saa tatu za usiku mmoja kabla ya mazoezi.

Mtu atasema: “Sina wakati, wala chombo si changu.” Mjini Kinshasa, ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu walianzisha okestra yao mwaka 1994. Violoni zilikuwa chache kuliko wapigaji, basi walipokezana. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Asiye na chombo mkononi bado aweza kusoma karatasi, kuimba sehemu yake na kutembeza vidole juu ya meza.

Mwingine atasema: “Nimejizoeza mwezi mzima, nimechoka.” Pablo Casals, mpiga selo wa Katalunya, aliziona nyimbo za Bach za selo katika duka la Barcelona mwaka 1890, akiwa na miaka 13. Mwenyewe alisimulia kwamba alijizoeza miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga mojawapo mbele ya watu.

Walakini tusilipe deni moja kwa kuiba kwingine. Nyumbani kuna mtoto aliyelala, na jirani yawezekana ni mgonjwa. Kumkeresha mtu usiku ili uwapendeze watu mchana si haki. Patana na watu wa nyumbani juu ya saa, nao watakuvumilia, hata makosa yako.

Mimi, baada ya sikukuu ile, nilimwendea mwenzangu nikamwomba msamaha. Aliniambia: “Hata mimi pale nilikuwa nikikuegemea wewe.” Tukacheka, ingawa kwa haya. Tangu jioni ile kila mmoja alijizoeza kwake kana kwamba mwenzake hatakuwapo, na mazoezini tukapiga pamoja bila hofu. Basi, ndugu, ukirudi leo nyumbani, fungua karatasi yako, tafuta ile alama ya kalamu, uanzie hapo.