Mzee na Binti Aliyemuuguza

Huko Bagamoyo na pwani yake hata Saadani, mzee mwenye nyumba na minazi huweza kuona ni haki amwandikie yote binti aliyemuuguza, na wana walio mbali wakose. Lakini wasia haupiti thuluthi, ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomwekea mpaka Saad bin Abi Waqqas; wala hauwi wa mrithi, ila warithi wenziwe waridhie baada ya mauti. Na mazishi na deni hutangulia. Je, wema wa binti upotee? La. Hiba ipo: ampe cha kumfaa angali na afya, naye akabidhiwe mbele ya mashahidi, na sababu waambiwe wote. Maana apendeleaye kwa siri huwaachia wanawe ugomvi, na ugomvi hauna fungu wala mwisho.