Sita Anatoa Nani?

Wajukuu zangu hapa Kamachumu wamechora mchezo wao kwenye ubavu wa boksi la sabuni: ludo ya sayari. Kete ni vizibo vya soda, dadu ni moja, na roketi haiondoki Dunia mpaka upate sita. Ukishatoka ni mbio: Mirihi, Mshtarii, Zohali. Yule mdogo kabisa alikwama Dunia hadi wenzake wakafika Zohali. Akaniuliza, "Bibi, sita anatoa Mungu?"

Jirani yangu mlokole amekwisha sema dadu ni kamari, boksi lichomwe. Mimi ni Mkatoliki, nimefundisha katekisimu miaka mingi, na dhambi hapo siioni. Mitume walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathia. Ila walianza kwa kuchuja watu wakabaki wawili wanaofaa, wakasali, ndipo wakapiga kura.

Swali la mtoto ni zito kuliko hoja ya jirani, na sisi wa Kagera tunalo tangu 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu wetu. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo. Matangani nilisikia wakisema: fulani alichelewa bandarini, Mungu kamwokoa. Je, aliyewahi, Mungu alimtupa? Imani hiyo naikataa kwa moyo wangu wote. Meli ilijazwa watu na mizigo kupita uwezo wake, na waliojaza ni binadamu.

Huko angani kwenyewe hakuna dadu. Zebaki hulizunguka Jua kwa siku 88, Zohali kwa zaidi ya miaka 29, wala hazishindani. Kwa kuwa mizunguko hiyo inahesabika, wanaotuma vyombo Mirihi wanajua kwamba nafasi nzuri ya kuondoka hurudi kila baada ya miezi 26 hivi. Hawakai wakingoja sita. Naamini Mungu aliumba ulimwengu unaohesabika ili tuhesabu. Tukiacha kuhesabu, kisha tukasema ni mapenzi yake, tunamsingizia.

Mtoto nilimwambia dadu halimjui mtu. Mungu anamjua yeye, hata akiwa bado Dunia. Akarusha tena.

Nanyi mnaopanda mitumbwi kwenda Bumbire na Goziba, salini, kisha mwulizeni nahodha chombo chake kinabeba watu wangapi na maboya yako mangapi. Akishindwa kujibu, shukeni.